Coaster yenye vitanda: ifike wapi, ibaki wapi

Swali limetoka kwa msomaji wa Majengo, Moshi. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mzee wetu. Mume wangu alinunua Coaster iliyotumika, mafundi wakang'oa viti wakaigeuza nyumba: vitanda sita, jiko la gesi la plati mbili, sinki, makabati, na juu kwenye keria tanki la maji la lita 300. Kaka yangu anakuja Desemba kutoka Marekani na mke wake na watoto wawili, wa miaka minane na mitano. Wao huko wamezoea kwenda hifadhini na nyumba za magurudumu. Tunataka kuondoka tarehe 27, tukishakula Krismasi nyumbani, turudi tarehe 2 Januari: Tarangire, Ngorongoro, Serengeti, tukilala humohumo garini. Je, gari litafika? Tunaweza kuegesha na kulala popote ndani ya hifadhi? Na watoto wanataka kutembea kwa miguu na kupanda mtumbwi."

Marahaba, mwanangu. Mpe hongera mumeo, kazi aliyoifanya si ya kitoto. Nianze na jibu fupi, maana najua ndilo atakalolitafuta: gari litafika. Lakini lingekuwa langu, lingebaki Karatu, na Serengeti ningeingia na gari jingine. Sababu huenda si ile mnayoidhani.

Watu wakisikia Coaster na Serengeti katika sentensi moja, wanawaza injini. Kama hiyo yenu ni ya dizeli, ile ya 1HZ ya lita 4.2, ndiyo ileile iliyo chini ya boneti za Land Cruiser nyingi zinazobeba watalii hapa Arusha. Haitawaangusha, na ikiwaangusha, fundi wa kuifungua mtampata Karatu hata usiku. Umbali nao si wa kutisha. Kutoka Moshi hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni kilomita zipatazo 400, na mpaka geti la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, mnakwenda juu ya lami. Tena mumeo ana hoja nzuri ambayo bila shaka ameshaitoa mezani: mabasi ya Arusha kwenda Musoma hukatiza Ngorongoro na Serengeti yakiwa na abiria wamejaa na mizigo juu, sembuse Coaster ya watu sita?

Ni kweli. Ila basi la Musoma linapita tu. Linashika barabara kuu, Loduare, Naabi (geti la Serengeti), Seronera, linatokea upande wa pili, na dereva wake analijua kila shimo kwa jina. Ninyi hamwendi kupita, mnakwenda kumtafuta chui. Chui hakai barabara kuu. Yuko kwenye vijia vinavyofuata mto Seronera, juu ya mgunga, mkia ukining'inia, na vijia hivyo vinavuka makorongo. Hapo ndipo Coaster inapoonyesha kwamba ilizaliwa kwa ajili ya mjini. Karibu zote zinavuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake (zipo chache zinazovuta manne, chungulieni ya kwenu). Uvungu wake ni mfupi. Na nyuma ya ekseli ina mkia mrefu: ukishuka korongoni pua inapita salama, ukianza kupanda ng'ambo ya pili mkia unachimba udongo.

Nililiona hilo Tarangire. Basi dogo la shule lilikuwa limekaa katikati ya korongo kama daraja, pua kwenye ukingo huu, mkia kwenye ukingo ule, magurudumu ya nyuma yakizunguka hewani kama feni. Walimu walitaka kushusha watoto wasukume. Askari wa hifadhi akakataa katakata, maana asubuhi ile simba walikuwa wameonekana mita chache kutoka pale. Watoto arobaini na kitu wakakaa ndani kwenye jua la saa saba, madirisha nusu, mpaka tulipopata waya wa kuvutia na gari la pili la kusaidiana. Tulipolitoa, bomba la moshi lilibaki chini. Mtoto mmoja akaliokota kama ukumbusho, likamuunguza.

Halafu mnakwenda mwisho wa Desemba. Mvua za vuli zinaweza kuwa zinamalizia au ndiyo kwanza zimekolea. Kwenye changarawe mtapita. Kwenye udongo mweusi, ule unaopasuka nyufa kiangazi na kunata kama ugali ukilowa, gari la tani tatu na zaidi linalosukumwa kwa nyuma linakaa chini, kisha linasubiri kuvutwa.

Sasa tupande juu ya keria, kwenye hilo tanki. Hapa ndipo ninapogombana na mumeo hasa.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita 300 ni kilo 300, bila kuhesabu tanki lenyewe, chuma cha keria, na mahema ambayo najua mtayatupia huko kwa sababu nafasi ipo. Ni sawa na kuwabeba wanaume wanne wanene wakiwa wamesimama juu ya paa, na kila mkikata kona wanaegemea upande mmoja. Tena maji hayasimami wima kama watu. Tanki likiwa nusu yanakimbia: ukishika breki yanakuja mbele, ukikata kushoto yanakwenda kulia. Njia ya kupanda kutoka Loduare hadi ukingoni mwa kreta ina kona kali na bonde kubwa pembeni. Ukungu ukishuka, udongo ule mwekundu unateleza kama umepakwa sabuni. Sitaki kuwaona pale na lita 300 kichwani.

Na hamzihitaji. Watu sita, kila mmoja lita tano kwa siku za kunywa na kupikia, ni lita 30. Kwa siku tatu ni 90. Madumu sita ya lita 20 yanawapa 120, na yanakaa sakafuni, katikati ya ekseli mbili, yamefungwa kamba. Kambi za umma huwa na bomba la kuogea na kufulia; hayo msiyanywe bila kuchemsha. Tanki lishusheni, likae nyumbani livune maji ya mvua.

Baada ya Loduare lami inakwisha, na mnakutana na kitu ambacho kaka yako hajakizoea: barabara yenye mawimbi kama mgongo wa bati, kilomita baada ya kilomita, hadi Naabi na kuendelea. Land Cruiser imejengwa kwa mateso hayo. Kabati la fundi seremala halikujengwa hivyo. Skrubu zinajifungua zenyewe, moja moja, bila kelele. Mlango wa kabati unalegea, vyombo vinamwagika, taa inaanguka, bomba la sinki linavuja chini ya kitanda na hamjui mpaka godoro lilowe. Yote hayo yanavumilika. Kisichovumilika ni ungio la mpira wa gesi kulegea.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani, inashuka na kutulia sakafuni, yaani kwenye usawa wa watu waliolala vitanda vya chini. Kwa hiyo mtungi usikae ndani. Ujengewe kisanduku chake kinachofunguka kwa nje, chenye tundu chini ili gesi ikivuja iangukie barabarani. Valvu ifungwe kabla gari halijaondoka, kila mara, hata mkiwa mnasogea mita 200. Jioni kabla ya kuwasha, pakeni maji ya sabuni kwenye maungio muone kama yanatoa mapovu. Na kama jiko linaweza kutolewa nje, pikieni nje. Ndani ya gari ni pa kulala.

Nikishataja kulala, nitaje na mkaa. Kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, iko juu zaidi ya mita 2,300. Mtu wa Moshi anajua baridi ya mlimani, lakini ile ina upepo ndani yake. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu, mimi na mpishi wetu tuliona tumepata akili: tukaingiza jiko la mkaa hemani, makaa yameiva vizuri, hayatoi moshi, tukafunga zipu. Usiku niliamka kichwa kinapasuka, nikadhani ni homa. Nikamwita mwenzangu, akaniitikia kama mlevi. Nilitoka nikitambaa, nikamvuta kwa miguu, akatapika kwenye majani hadi alfajiri. Makaa yasiyo na moshi ndiyo yanayoua. Hewa yake haina harufu wala rangi, na inakulaza kabla hujashtuka. Coaster iliyofungwa madirisha ni hema la bati. Nunueni mablanketi ya Kimasai mawili kwa kila mtu, vaeni soksi, mlale.

Umeuliza kama mnaweza kuegesha popote mkalala. Hapana, hata dakika moja ya kujaribu. Hifadhini mnalala kwenye kambi zilizotengwa tu. Zipo za umma, ambazo Seronera zimekaa jirani jirani na kila moja ina jina la mnyama wake, Pimbi, Nyani, Dik Dik na nyinginezo. Zipo pia kambi maalumu zinazokodiwa na kundi moja na ambazo lazima ziwekwe mapema. Kwa familia yenu nachagua za umma: kuna vyoo, kuna banda la kupikia lenye wavu, kuna watu wengine. Hakuna uzio.

Nimeirudia sentensi hiyo ya mwisho kwa wageni mara nyingi sana na bado huwa hawaisikii. Hakuna uzio. Kaka yako atakuwa amezoea hifadhi kama Yellowstone, ya tangu 1872, ambako pale Fishing Bridge unachomeka gari lako kwenye umeme, maji na bomba la majitaka, na hema la turubai haliruhusiwi kabisa kwa sababu ya dubu: ama ulale kwenye gari lenye kuta ngumu, ama utafute kambi nyingine. Kwetu hakuna pa kuchomeka kitu, na watu hulala kwenye mahema ya kitambaa huku fisi akipita katikati kukagua sufuria. Anaiba kweli. Ameshanibebea kiatu kimoja, cha kushoto, na sufuria ya wali yenye ukoko. Kwa jambo hili Coaster yenu ni bora kuliko hema langu, nakiri. Mkishaingia usiku, fungeni mlango, na kila mtu awe na namna ya kujisaidia humohumo ndani. Ndoo yenye mfuniko inatosha. Maji machafu ya sinki nayo yaingie kwenye dumu, msiyamwage chini ya gari. Harufu ya maharage inatembea mbali.

Pale Simba kuna tanki la maji la kambi. Usiku mmoja nilisikia sauti kama ya mzee anayevuta uji wa moto kwenye bakuli kubwa, fuuuu, kimya, fuuuu. Nikafungua zipu sentimita mbili. Tembo dume alikuwa amesimama kati ya mahema mawili, mkonga wake umezama ndani ya tanki, na kamba ya hema la Wafaransa ikiwa katikati ya miguu yake minne. Alikunywa akashiba, akainua mguu mmoja mmoja juu ya kamba ile kwa uangalifu kuliko mimi ninavyoiruka mchana, akaenda zake. Asubuhi Wafaransa wakalalamika kwamba mtu alikuwa anaoga usiku.

Sasa fedha, kwa sababu ndizo zitakazomshawishi mumeo kuliko udongo mweusi. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi. Mgeni wa nje hulipa kwa dola, na Serengeti tofauti yake inazidi mara kumi. Wewe na mumeo bebeni vitambulisho vya NIDA. Kaka yako, kama alichukua uraia wa Marekani, getini ni mgeni hata kama ukoo wake wote umezikwa Kibosho. Sheria yetu haitambui uraia pacha. Wifi yako hivyohivyo, na watoto hivyohivyo. Mtoto aliye chini ya miaka mitano haingii kwenye hesabu, lakini huyo mdogo ameshatimiza mitano, kwa hiyo analipiwa bei ya mtoto kama mwenzake. Gari nalo lina ada yake, inayopangwa kwa uzito wa gari tupu na kwa namba zake za usajili, na Coaster haiko kwenye kundi la chini. Bebeni kadi ya gari, maana uzito husomwa humo. Geti halipokei noti. Mnalipa kwa kontroli namba au kwa kadi, na mtandao wa getini una siku zake, kwa hiyo malizeni malipo mkiwa bado mjini.

Kibali cha Serengeti ni cha saa 24. Ngorongoro ndiyo njia yenu, nayo ina kiingilio chake wakati wa kwenda na kingine wakati wa kurudi, hata kama hamkushuka kreta. Sasa hesabuni. Wageni wanne wa dola wamekaa ndani ya Coaster iliyonasa, saa zinakwenda, na zikipita 24 mnalipa upya. Siku moja ya kunasa inaweza kuzidi gharama ya kukodi Land Cruiser yenye dereva. Ndiyo maana nasema ibaki Karatu.

Ningewapangia hivi. Tarehe 27 ondokeni Moshi alfajiri. Watu wengi wa Dar watakuwa bado vijijini wanamalizia mbege, barabara ya kuelekea Arusha itakuwa na nafuu. Piteni Makuyuni, nyoosheni hadi Kwa Kuchinja, laleni kwenye kambi ya nje ya Tarangire. Tarehe 28 mwingie Tarangire na Coaster yenu. Hapo inaruhusiwa hata na mimi, ilimradi hamuachi njia kuu za upande wa getini na mvua haikunyesha usiku. Msitegemee makundi ya tembo ya Agosti na Septemba, yanayojazana mtoni kwa kiu. Mvua zikianza wengi hutawanyika nje ya hifadhi. Lakini tembo hawakosekani, na mibuyu ya Tarangire haihami. Wavisheni watoto nguo za rangi ya udongo. Mbung'o wa kule wanapenda bluu na nyeusi, na suruali ya jinzi kwao ni mwaliko. Usiku laleni kambi ya umma, gari lifanye kazi liliyojengewa.

Tarehe 29 rudini Makuyuni, mwende Mto wa Mbu. Kodisheni baiskeli mkatize migombani, na mwingie Hifadhi ya Ziwa Manyara kwa ajili ya lile daraja la kamba linalopita juu kwenye vilele vya miti. Mtoto wa miaka minane atalisimulia shuleni mwaka mzima. Wa mitano ashikwe mkono. Mkitoka, pandeni Karatu. Zipo kambi binafsi zenye geti, mlinzi, umeme na maji ya moto, zilizozoea malori makubwa ya wasafiri. Egesheni Coaster hapo, ombeni Land Cruiser na dereva kwa siku tatu, na muiweke mapema, Novemba au kabla, kwa sababu wiki ya mwaka mpya Arusha yote inakuwa imekodiwa. Bebeni mahema mawili na magodoro mnayoyatoa kwenye vitanda vyenu vyenyewe.

Tarehe 30 mnaingia Serengeti kupitia ukingo wa kreta, na njiani simameni Olduvai, alikochimbua Mary Leakey lile fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959. Pana makumbusho, watoto wananyoosha miguu. Halafu fungueni macho kati ya hapo na Naabi. Desemba nyumbu huwa wanashuka kuja kwenye nyasi fupi za kusini, wanajikusanya kabla ya kuzaa, ambako kunashika kasi Februari. Mkiwakuta, mwambieni dereva azime redio na injini. Sauti yao ni kama wazee elfu wanaokohoa kwa adabu. Usiku mbili Seronera, tarehe 1 mrudi Karatu mkalale kitandani kwenu, tarehe 2 Moshi.

Kuhusu kutembea na mtumbwi: Serengeti na Tarangire mtu hashuki garini anavyotaka, ni pale palipotengwa tu. Haya mambo mawili yako karibu na ninyi kuliko mnavyofikiri. Hifadhi ya Taifa Arusha, mnachepuka Usa River, ina matembezi yanayoongozwa na askari mwenye bunduki chini ya Mlima Meru, na mitumbwi kwenye ziwa dogo la Momella. Nendeni siku nyingine kabisa, hata kabla ya Krismasi. Matembezi ya mbali simshauri wa miaka mitano. Si kwa sababu ya miguu yake. Nyati akitokea, askari anasema "kimya, rudi nyuma taratibu", na mtoto wa umri huo huuliza "kwa nini?"

Mambo ya gari nayapitia haraka, mumeo anayajua. Tairi za nyuma ni pacha: kila mkisimama, achungulie kati yake. Jiwe la ukubwa wa ngumi likikwama pale linakata tairi zote mbili bila nyie kuhisi kitu. Asome tarakimu nne pembeni mwa tairi. 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi kuukuu yenye kashata nzuri bado ni kuukuu. Spea mbili. Upepo apunguze kidogo kwenye changarawe na ajaze tena akirudi lamini, kwa hiyo awe na pampu. Ndani ya hifadhi mwendo hauzidi kilomita 50 kwa saa. Mifuko ya plastiki iacheni Moshi, imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Droni ya kaka yako ibaki begini. Na amuulize mtu wa bima swali moja: je, wanajua basi hili sasa ni nyumba yenye gesi ndani? Aulize kabla ya safari, na jibu alipate kwa maandishi.

La mwisho ndilo ningeanza nalo kama ungekuwa umekaa hapa barazani. Kabla ya Desemba, chukueni Ijumaa moja hadi Jumapili mwende Mkomazi, ninyi wawili tu. Lami hadi Same, kisha geti la Zange ni mwendo mfupi sana kutoka mjini. Ni hifadhi ya taifa tangu 2008, kilomita za mraba zaidi ya 3,200, ina mbwa mwitu, ina faru wanaolindwa ndani ya uzio wao, na watu wa Moshi hawaendi. Sijui kwa nini. Wanaipita kila Krismasi wakitoka Dar wakiangalia simu. Laleni humo usiku mbili na vitu vyote vikiwa ndani kama siku ya safari yenyewe, jiko, vyombo, madumu yamejaa. Wekeni kopo tupu la maziwa ya unga karibu na kiti cha dereva, na kila skrubu, nati au kipande mtakachokiokota sakafuni kiingie humo.

Mkirudi, mimina kopo mezani, uhesabu, uniandikie idadi. Zikizidi ishirini, hata Tarangire tutaizungumza upya.